Kifuniko Juu ya Kitufe cha Kusemea

Ndugu yangu Selwyn ni mwoga, na ninayesema hivi nampenda kuliko mtu yeyote. Mamba hamwogopi. Kimbunga kikija, yeye ndiye anayepanda paani kufunga mabati kwa kamba. Anachokiogopa ni kitufe kimoja chekundu, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na masika haya nilimwona akikitazama huku jasho linamtiririka ndani ya chumba chenye kiyoyozi.

Kitufe hicho kiko kwenye ubao wake wa vitelezi. Selwyn ndiye fundi wa studio ya kijiji chetu, ile iliyo nyuma ya duka. Kompyuta ina programu ya kurekodia, lakini kipanya hakipendi. Anasema muziki haupikwi kwa kidole kimoja. Anatumia ubao wenye vitelezi vinane vya kusukuma juu na chini, kila kimoja kimeshika sauti yake: gitaa hapa, ngoma pale, mwimbaji kule. Ndani mna mota ndogo, kwa hiyo ukiucheza wimbo tena vitelezi vinasogea vyenyewe, vile vile ulivyovisogeza mara ya kwanza. Pembeni ndipo kilipo kitufe chekundu cha kusemea. Ukikibonyeza, sauti yako inaingia moja kwa moja masikioni mwa anayeimba chumba cha pili.

Na masika haya aliyeimba chumba cha pili alikuwa mama mkwe wake.

Kwetu, sisi wenyeji wa asili wa kaskazini ya Australia, mwanamume haongei na mama mkwe wake. Hamtazami, hataji jina lake, hakai naye chumba kimoja. Akimwona dukani anaacha mkate kwenye kaunta na kutoka. Si chuki. Ni heshima, tena kubwa kuliko zote tulizo nazo. Na kwa kuwa Selwyn ni ndugu yangu, mama yule ni mkwe wangu pia, ndiyo maana hata hapa jina lake silitaji. Miaka ishirini na miwili Selwyn ameishi na mkewe Leonie, na mama yake Leonie hajawahi kumwambia hata neno moja.

Figo za mkwe zilikuwa zimechoka. Nesi wa kliniki alisema ndege itamchukua Alhamisi saa nane mchana kumpeleka mji wa Darwin, akaishi karibu na mashine ya kusafisha damu. Tunawajua waliokwenda kwenye mashine ile. Wengi wamerudi ndani ya sanduku. Na mkwe ndiye peke yake aliyebaki anayeujua wote wimbo wa ukungu, ambao wanawake wa ukoo wake huuimba kuwalilia wafu wao. Leonie anaujua nusu.

"Rekodini kabla sijaondoka," mkwe alimwambia Leonie, naye akatuletea maneno. "Sitaki kukuachia nusu wimbo, mwanangu."

Fundi ni mmoja tu kijijini, na barabara ilikuwa imefungwa na mafuriko tangu Krismasi. Hakukuwa na mwingine wa kuletwa.

"Rodi, nikikibonyeza kwa bahati mbaya?" Selwyn aliniuliza Jumatatu jioni.

"Usikibonyeze."

"Je, kiwiko? Kiwiko kikigusa wakati natukana?"

"Basi usitukane."

"Mimi nimewahi kufanya kazi bila kutukana?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Sauti yake ikiingia masikioni mwa mkwe, mama wa watu atakuwa kama amevuliwa nguo, ndivyo tunavyoliona. Atavua hedifoni, atakwenda zake nyumbani, hatarudi, na nusu ya wimbo itaondoka naye. Selwyn alichukua kifuniko cha chupa ya soda akakigandisha kwa gundi juu ya kile kitufe. Kwenye kioo kati ya vyumba viwili akatundika blanketi. Mlango wa chumba cha kuimbia tukamwachia mkwe aufunge kwa komeo la ndani, asije mpumbavu mmoja wetu akaingia.

Jumanne Leonie alikimbia kati ya vyumba mpaka miguu ikamvimba. Mama anataka gitaa tulilolirekodi kwanza lipungue. Mama anataka aisikie zaidi sauti yake. Mwisho akafoka: "Mimi siyo waya! Tafuteni njia nyingine."

Ndipo Selwyn akakumbuka ubao mdogo wenye kitelezi kimoja. Akampa Leonie ampelekee mama yake, ili mkwe ajipandishie na kujishushia sauti mwenyewe. Mbao zote mbili zinatii kompyuta moja: ukisogeza kitelezi huku, mwenzake kule anasogea. Mkwe alijifunza kwa nusu saa. Akiwa tayari anakisukuma mpaka juu kabisa. Akichoka anakishusha mpaka chini, na Selwyn anasimamisha kurekodi. Kazi ikaanza kwenda.

Jumatano asubuhi, kabla hatujaanza, kitelezi cha mkwe kwenye ubao wa Selwyn kilipanda kidogo kikashuka. Kikapanda tena, kikashuka. Selwyn alirudisha mikono kifuani kana kwamba ameona nyoka.

"Rodi. Umeona?"

"Nimeona."

"Hiyo ni salamu. Amenisalimia! Hii ni kuongea au siyo kuongea?"

Sikujua, na hakuna aliyewahi kutufundisha habari za vitelezi. Tulimtuma Leonie akaulize, akarudi amejishika mbavu. "Mama anasema hajaongea na mtu. Amesogeza kijiti tu. Anasema kama kuna watu wanaogopa kijiti, watoke wakavue kaa."

Selwyn akakisukuma kitelezi juu kidogo kwa ncha ya kidole, akakishusha. Siku ile walirekodi beti nyingi kuliko nilivyotegemea.

Alhamisi ulibaki ubeti mmoja. Mvua ilikuwa imesimama, na kijiji kizima kilikuwa kimekwenda uwanja wa ndege kuaga. Saa saba nesi alimwita Leonie kliniki akasaini karatasi. Leonie alitoka, tukasikia mama yake akirudisha komeo. Kitelezi kikapanda mpaka juu. Selwyn akaanza kurekodi.

Sitausimulia wimbo ule, si wangu. Niseme tu kwamba ulifika katikati ya ubeti ukakatika. Tukadhani anavuta pumzi. Kisha kwenye spika tukasikia kishindo kizito, na baada yake pumzi fupi fupi zenye mkwaruzo, karibu kabisa na maikrofoni. Halafu hata hizo zikawa chache.

"Amechoka," nilisema.

"Akichoka anakishusha." Selwyn alikuwa anakitazama kitelezi. Kilikuwa juu kabisa, hakisogei.

Alikishusha yeye. Akakipandisha. Akangoja. Akafanya tena, haraka, juu chini, juu chini, huku chumba cha pili kijiti cha mkwe kikicheza bila shaka mbele ya macho yake, kama macho yalikuwa wazi. Hakuna kilichomjibu.

Nilitoka barazani nikapiga kelele kumwita Leonie mpaka koo likauma. Mbwa tu waliniangalia. Simu haikuwa na mtandao tangu alfajiri, na kliniki ni dakika kumi kwenye tope. Nilirudi nikausukuma mlango wa mkwe kwa bega. Nimeshaugusa mlango wa mama mkwe, nikawaza. Komeo halikutikisika, tulikuwa tumelipigilia wenyewe, la chuma, kwa sifa.

Niliporudi, Selwyn alikuwa ameweka ukucha chini ya kile kifuniko. Sijawahi kuogopa hivyo maishani, na najua yeye aliogopa mara mbili: asipoongea mama atakufa peke yake nyuma ya blanketi, akiongea atakuwa ameubomoa ukuta ambao yeye na mama yule waliujenga kwa adabu miaka ishirini na miwili.

"Rodi, usinitazame," alisema.

Niligeukia ukutani. Nikasikia gundi ikibanduka.

"Mama," Selwyn alisema.

Neno moja, kwa sauti ndogo. Nilihesabu pumzi zangu mwenyewe. Nilifika kumi na moja, ndipo kitu kikakwaruza kwenye spika, kiti kikavutwa, mtu akakohoa. Niligeuka. Kitelezi kilikuwa kinashuka. Kilifika nusu kikasimama, kikakaa hapo kitambo. Halafu kikaanza kupanda, polepole, mpaka juu kabisa.

Aliimba ubeti mzima tangu mwanzo. Alipomaliza, kitelezi kilishuka mpaka chini, komeo likafunguliwa, na Leonie na nesi walikuwa ndio kwanza wanapanda ngazi. Presha ilimwangusha, nesi alisema. Saa nane mkwe alipanda ndege amejifunika kitambaa kichwani. Sisi wawili tulitazama upande wa miti, kama inavyopasa.

Hapo ndipo woga wa kweli ulipoanza. Wiki mbili Selwyn hakula akashiba. Alimpa Leonie blanketi jipya na kasa mzima vipelekwe kwa ndugu za mama yake, kuosha kosa. Walivipokea bila neno. Leonie mwenyewe alimpikia, akamfulia, hakumzungumzisha. Na studio hakuthubutu kuingia, maana alijua kilichomo: hedifoni zilivujisha sauti yake, maikrofoni ikaidaka. Kwenye wimbo wa mkwe, kabla ya ubeti wa mwisho, kulikuwa na sauti ndogo ya mwanamume ikisema "Mama". Alitaka kuikata. Aliogopa kuikata. Aliogopa zaidi kusikia mkwe akiagiza wimbo wote ufutwe.

Jumamosi simu ikalia kutoka Darwin. Selwyn alitoka nje haraka asisikie sauti, nami nyuma yake. Tulikaa kwenye ngazi. Leonie alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Mama anasema siku ile hakumsikia mtu yeyote," alisema.

Selwyn aliinamisha kichwa.

"Anasema hakuna mtu aliyeongea. Ila anasema, pale ambapo hakuna mtu aliyeongea, usikate."

Tulikwenda studio wote watatu. Selwyn aliucheza wimbo tangu mwanzo, mikono ameiweka mapajani. Kitelezi cha mkwe kilipanda chenyewe, kama alivyokipandisha yeye. Katikati ya ubeti kikacheza juu chini, juu chini. Kisha ile sauti ndogo ikapita. Kikashuka nusu, kikasimama, kikaanza kupanda. Leonie alimshika mumewe bega.

Wimbo ulipokwisha, Selwyn alifungua droo, akachukua kile kifuniko cha soda, akaanza kutafuta gundi.