Matusi Niliyotafsiriwa Shambani

Niliachia darasa la tatu, kwa hivyo nikikosea mahali mnivumilie. Nataka kumsifu mke wa mwanangu, ingawa alipoolewa hapa Nyamira nilitangaza kwa majirani kwamba ugali wake haushikani. Hiyo tuiache.

Mjukuu wangu wa kidato cha pili aliteleza akiimba kwaya, akaanguka mbele ya kanisa zima. Mtu akaweka video TikTok. Siku nne mtoto hakula vizuri, akasema shule harudi. Simu haikumtoka mkononi, anasoma kila neno analotupiwa.

Mimi ningemnyang'anya. Mama yake alikuja kwangu akasema, "Mama, kwangu ana ensoni, hiyo aibu yetu ya mzazi na mtoto. Nikimuuliza anainama tu. Lakini wewe mnataniana. Nenda naye mkachume chai."

Wengine kwa ensoni hiyohiyo hunyamaza mpaka mtoto aharibike. Yeye alijua amtume nani.

Tukachuma. Mgongo wangu siku hizi hauniheshimu, nikasimama na kikapu nusu. "Mke mwenza," ndivyo ninavyomtania mjukuu, "hebu nisomee hayo maneno."

"Magokoro, ni Sheng. Hutaelewa."

"Nyanya yako si mjinga. Nitafsirie kwa Ekegusii."

Akaanza polepole. "Huyu anasema nilianguka kama gunia."

"Gunia la nini?"

"Hajasema."

"La mahindi tutakubali. La makapi, hapana."

"Na huyu anasema nina uso wa ugali wa jana."

"Ugali wa jana ndio nimenywea chai leo. Huyo hajui kula."

Akacheka, mara ya kwanza wiki hiyo. Kisha akafika kwa neno moja, machozi yakatoka. Lilikuwa la rafiki yake wa dawati moja. Hapo utani uliniishia. Nilimshika tu bega, nikamwambia, "Hili la kwangu hapana. Mpelekee mama yako."

Mama yake alikuwa jikoni akimenya ndizi. Alisogea kwenye benchi. Mtoto akachukua kisu, akamenya ya kwanza, ya pili, macho chini.

"Mama, kuna mtu nataka kumtoa kwa simu yangu. Naogopa. Ukae hapa nikifanya."

"Niko," akasema, akaendelea kumenya.

Usiku huo alikula sahani mbili. Jumatatu alivaa sare, simu akamwachia mama yake bila kuambiwa.