Ufunguo wa Mwongera Kwenye Msumari

Mimi ni mtu wa Embu. Niliolewa huku Kanyakine nikiwa bado msichana, na mpaka leo kuna mambo ya watu wa huku yanayonipandisha hasira. Moja ni ule msumari ulio kando ya mlango wa jikoni kwa jirani yangu Mwongera. Ufunguo wa gari lake hukaa hapo mchana na usiku, na kijiji kizima kinajua. Mgonjwa akizidiwa, au mama akishikwa na uchungu, humwombi mtu ruhusa. Unachukua ufunguo, unawasha gari unaenda, na ukirudi ndipo unaeleza. Mwongera mwenyewe ndiye aliyeanzisha desturi hiyo, baada ya mtoto wa watu kufia njiani akiwa mgongoni mwa mama yake. Siku moja nilimwambia, "Baba Kanana, hata kanisa hufungwa." Alicheka tu, akaniuliza kama ng'ombe wangu ameanza kula.

Gari lenyewe ni Corolla ya zamani, ile watu huita DX. Kipimo chake cha kilomita kilikufa miaka mingi iliyopita. Taa nyekundu ya oil huwaka saa zote, injini ikiwa nzima au mbovu, kwa hiyo hakuna aliyeijali. Milango miwili haifunguki kwa ndani. Lakini injini ilikuwa haina kelele, na mafundi wa Nkubu walikuwa wakiinua boneti kuitazama tu, kisha wanatikisa kichwa.

Mwongera, ambaye alistaafu ukarani katika kiwanda cha kahawa, hakuwa na siri nyingine ila oil. Kwa kuwa kilomita hazikuhesabika, aliibadilisha kwa misimu: kabla ya mvua, baada ya mvua, kabla ya Krismasi. Vijana walisema hilo gari linakunywa vizuri kuliko wazee wote wa sokoni. Na hakukubali haraka za gereji. Jioni, injini ikiwa bado na joto, aliingia chini ya gari na magoti yake mabovu, akafungua nati ya kumwagia oil, akatega karai, na kuiacha oil idondoke mpaka asubuhi.

"Uchafu wote hukaa kwa tone la mwisho," aliniambia.

Asubuhi aliteremka kwa miguu hadi dukani kwa Gitobu sokoni kununua oil mpya, mkebe ufunguliwe mbele ya macho yake, maana siku hizi watu huuza maji machafu ndani ya mikebe mizuri. Ile oil kuukuu ilikuwa haimwagwi. Sisi majirani tuliipokezana kupaka nguzo za boma la ng'ombe, mchwa wasizile.

Tangu mkewe Kajuju apigwe na kiharusi, oil haikuwa tena mchezo wa mzee. Upande wa kulia wa Kajuju ulilala, na maneno yakampotea. Kila Jumanne Mwongera alimpeleka Meru mjini kwa mazoezi, kiti cha mbele kimelazwa, mto chini ya mkono. Matatu hazikumfaa, na bodaboda usiniambie. Daktari wa mazoezi wa huko aliwaonya wasikose hata wiki moja, kwa sababu mwili ukiachwa husahau tena. Na kweli alikuwa anarudi. Alianza kusema "maji". Kisha akasema "Kanana", jina la binti yao anayeishi kwetu Embu, katika mtaa uitwao Dallas, na Mwongera akampigia Kanana simu ili asikie mwenyewe. Tulilia sote siku hiyo, na mimi si mtu wa kulia.

Sasa sikilizeni jinsi mambo mema yanavyoweza kumwangamiza mtu.

Ilikuwa Jumamosi. Jioni iliyotangulia Mwongera alikuwa amemwaga oil kama kawaida yake. Kulipopambazuka alimkalisha Kajuju kwenye kiti chake mlangoni aote jua, akamwambia anaenda kwa Gitobu kuleta oil, akaondoka. Nyuma yake akaja jirani yetu Kobia, ambaye ilikuwa zamu yake ya oil chafu. Akachukua karai. Akaona nati imewekwa juu ya jiwe, akaona huruma kwa magoti ya mzee, akaingia chini akaifunga vizuri kabisa. Akaenda kumimina oil yake, akapangusa karai likang'aa, akalirudisha jikoni. Kobia ni mtu mwema. Hilo ndilo linaloniuma.

Haukupita muda, Mwiti akaja mbio. Mwiti ni kijana anayeendesha pikapu ya ndizi ya kwenda soko la Gakoromone, lakini siku hiyo pikapu ilikuwa kwa tajiri wake. Mkewe Kananu alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri na damu ilikuwa inatoka. Mwiti akaangua ufunguo msumarini, akamlaza Kananu kiti cha nyuma. Kajuju pale kitini akainua mkono wake mzima, juu kabisa, akafungua kinywa. Mwiti akapiga stata.

"Asante sana, mama! Endelea kutuombea," alimwambia, wakaondoka.

Mimi nilikuwa shambani ng'ambo ya ua. Nilisikia gari likiondoka, kisha nikasikia kitu kinagongwa. Nilipofika nilimkuta Kajuju anapiga mkono wa kiti kwa ngumi, machozi yanamtoka, na kutoka kinywani hamna neno. Nilidhani ni maumivu, nikampa maji. Akayasukuma yakamwagika.

Hapo ndipo Mwongera aliporudi, mkebe wa oil mkononi. Alitazama pale gari lilipokuwa. Hakukuwa na karai, hakukuwa na nati juu ya jiwe.

"Gari iko wapi, mama?" aliniuliza.

"Mwiti amepeleka Kananu hospitali. Ni mbaya, kuna damu."

Alitoa simu akampigia Mwiti. Tulisikia simu ya Mwiti ikilia kwake nyumbani, hapo jirani, kwenye chaji. Nikamwambia tuite boda imfuate.

"Boda itamfuata wapi? Na ikimpata, imwambie asimame? Na huyo mama ashuke barabarani?"

Akakaa juu ya lile jiwe, mkebe magotini. Nimemwona Mwongera akizika ndugu zake, lakini sijawahi kumwona amekaa hivyo. Kisha akaanza kuomba kwa sauti, macho wazi, akitazama barabara. Alimwomba Mungu aifikishe injini hospitali tu, kwa kurudi hataomba. Ndani ya nyumba oil mpya ya kutosha haikuwepo ila hiyo aliyokuwa ameipakata, na gari lililoihitaji lilikuwa linapanda mlima bila tone.

Injini ilifika. Ilizimika langoni pa hospitali, wauguzi wakamalizia kumbeba Kananu. Mtoto alizaliwa mzima, msichana, na mama yake akaongezewa damu akapona. Kijiji kikashangilia. Mwongera alipanda boda hadi huko akiwa na fundi, fundi akachomoa chuma cha kupimia oil, kikatoka kikavu.

"Mzee, hii injini imenoki, imekufa kabisa," alisema. "Tafuta tu gari ingine."

Alisema hivyo kana kwamba anamwambia mtu atafute jembe lingine.

Kobia alipopata habari alikuja akalia mbele ya Mwongera, na Mwongera akamkataza kumwambia mtu yeyote. Mwiti naye aliambiwa kwamba gari lilikuwa limezeeka, siku zake zilikuwa zimefika. Nami nilikatazwa. Nilitafuta wa kugombeza, maana nilikuwa na hasira ya kutosha watu watatu, na sikumpata. Nilirudi nyumbani nikagombeza kuku.

DX ilivutwa kwa kamba hadi nyumbani, iko pale chini ya mparachichi. Jumanne ya kwanza walimpandisha Kajuju kwenye pikapu ya ndizi, akarudi amevimba mguu, hakulala siku mbili. Baada ya hapo Jumanne zikaanza kupita. Mwongera humkunja na kumnyoosha mkono yeye mwenyewe, kwa upole, jinsi alivyokuwa akiona mjini, lakini si kazi yake. Lile neno "maji" lilitoweka. Kanana alipopiga simu, mama yake alisikiliza tu. Oil mpya imewekwa kwenye rafu, haijafunguliwa zaidi ya pale Gitobu alipoifungua. Nguzo za Kobia zinang'aa nyeusi, na kila nikipita hapo nageuza uso.

Wiki iliyopita Mwiti na Kananu walimleta mtoto kwa Kajuju. Walikuja na ndizi na maziwa, wamevaa vizuri. Mwiti alisimulia tena hadithi yake, ile anayoisimulia kila mahali.

"Huyu mama ndiye alituokoa," alisema. "Nilikuwa naogopa, nikaona ameinua mkono ananibariki. Nikajua tutafika. Hata leo nataka ambariki mtoto."

Akamweka mtoto mapajani mwa Kajuju. Kajuju alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Kisha akainua ule mkono mzima, juu kabisa kama siku ile, na kinywa chake kikaanza kuhangaika. Tulingoja. Mwongera alikuwa ameinuka, nadhani alitaka kumzuia.

"Oil," Kajuju akasema. Akavuta pumzi. "Haina."

Mwiti alikuwa bado anatabasamu. Akamtazama Kajuju, akautazama mkono, kisha akageuka polepole kulitazama gari chini ya mparachichi. Tabasamu likaondoka usoni pake na sisi tukiliona. Kananu akamchukua mtoto wake.

Mwongera alipiga magoti mbele ya kiti, akaushika ule mkono uliokuwa bado hewani, akaushusha mapajani mwa mkewe.

"Ndiyo, mama Kanana," alimwambia. "Haina."