Tulikata kitabu ya muimbaji na kisu ya mukate

Leo tulikata kitabu na kisu. Musicheke kwanza.

Ni kitabu mupya ya maisha ya ule muimbaji wa rock tunapendaka banne yetu, hapa Kolwezi. Iko mu Kiingereza. Hakuna mwenye anaisoma bila telefone ya kutafsiri. Tulichanga franga banne juu ya kuipata.

Sasa, nani aanze nayo?

Tulibishana mpaka sauti zikaisha. Mi nilitoka kazi ya usiku ku usine, kiwandani, sijalala.

Kapend, yeye ni creuseur, anachimbaka madini na mikono, akasema: "Ku shimo tunagawanyaka. Kila mutu na mufuko yake."

Na shiye, juu ya kuchoka, tukaitika!

Mama Odette, mwenye anauzishaka mukate, akatoa kisu. Yeye akapata kipande ya bakonseri, kule muimbaji anaimbia batu. Kapend akapata ndoa na kesi. Tata Ilunga akapata mwisho, akapanda pikipiki, akarudia kwake Kasaji. Kule rezo ya telefone ni ya kubembeleza.

Mi nilipata mwanzo.

Niko natafsiri mustari kwa mustari, macho inafunga. Muimbaji angali mutoto, anatumwa maziwa. Mvua inanyesha. Anatumwa tena.

Mungekuwa mi, mungekatala kukata? Museme kweli.

Tata Ilunga, ukipata rezo, uniambie kama muimbaji alikufa na furaha.

Huku kwangu hajagusa hata gitaa.