Ndugu Yangu Anataka Kuitoa Taa ya Baba, na Mimi Amenikataza Kufika

Admin, jina langu liweke kando, ingawa hapa Mbotela hata nikikohoa watu wanajua ni nani. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, fundi wa kuchomelea. Milango ya chuma unayoona kuanzia kwetu mpaka karibu na Jogoo Road, nusu ni mkono wangu. Shule niliachia darasa la sita, lakini mkinipa kiti niseme kwa matanga au harusi, hakuna mwenye digrii atasikizwa tena. Hiyo si kujisifu, ulizeni.

Shida yangu ni ndugu yangu mkubwa. Nitamwita Festo, si jina lake. Mke wake alipokufa alianza kuokota. Magazeti, mitungi, redio zisizoongea, viti vya miguu mitatu. Nyumba ikajaa hadi akawa analala ameketi. Majirani wakalalamika juu ya panya, mwenye plot akasema nyumba isipofunguka kufikia mwisho wa mwezi ujao, Festo atoke. Ni mimi nilimpeleka kliniki. Ni mimi nilimpikia ugali na kugombana na majirani. Daktari akasema huo si uchafu, ni ugonjwa, na akatuunganisha na kikundi cha wahudumu wa afya wa mtaa. Kinaongozwa na mama mmoja, nimwite Mama Njeri.

Hapo ndipo roho yangu ilianza kuuma. Wanakuja kila Jumamosi, watu wanne, na mandazi. Wanaketi mlangoni kwa Festo na wanamuuliza, "Mzee, umelala vizuri?" Mimi tangu nizaliwe hakuna mtu ameniuliza nimelala aje.

Siku ya kwanza niliwaambia hiyo kazi ni ya saa moja. Naita vijana wawili wa kubeba mbuzi pale soko la Kiamaiko na mkokoteni, nyumba inabaki kama kanisa. Mama Njeri akaniambia, "Uncle, na wiki ijayo itakuwa imejaa tena." Akanieleza vile wao hufanya. Kitu hakitoki mpaka Festo akishike, aseme kilitoka wapi, halafu akipitishe mlangoni kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa, mtu akisema hadithi, mimi nikae kimya aje? Festo anashika pasi ya makaa, anasema polepole, "Hii ilikuwa ya..." Nikamsaidia. Nikasema pasi hiyo ndiyo ilinyoosha suti ya waziri asubuhi ya kuapishwa. Wote wakacheka. Festo hakucheka. Aliitazama ile pasi, akaifunga kwa gazeti, akairudisha ndani. "Sikujua ni ya maana hivyo," akasema. Birika nikasema ilipikia timu ya taifa chai. Ikarudi ndani. Jumamosi mbili hakuna kilichotoka. Mama Njeri akaniita kando, "Uncle, wewe unaongea vizuri sana. Lakini kila ukiongea, kitu kinapanda bei moyoni mwake."

Jumamosi iliyofuata nilikuwa na kazi ya geti mtaa wa Mukuru kwa Reuben, sikuenda. Niliporudi nikapata kitanda cha Festo kinaonekana. Majirani wananiambia, "Festo aliongea leo, hata tukalia." Festo, ambaye kwa harusi yake mwenyewe ni mimi nilimsemea. Sikula chakula cha jioni. Mama watoto akaniuliza, "Unamuonea wivu mgonjwa?" Nikamwambia nina gesi tumboni.

Juzi Festo alikuja kwangu karakana, amenyoa, amevaa shati safi. Akasema Jumamosi hii anatoa taa ya baba. Baba yetu alikuwa mtu wa reli, na hiyo taa ina kioo chekundu upande mmoja na kijani upande mwingine. Kila mtu hapa anajua hadithi yake: usiku wa mvua baba alisimama peke yake kwenye reli na taa hiyo, akasimamisha treni iliyokuwa imekosa breki, imejaa watu.

"Usije Jumamosi," Festo akasema.

"Baba ni wa sisi wote."

"Ndiyo. Lakini baba hakusimamisha treni. Alikuwa stoo, anajaza taa mafuta. Akirudi mikono inanuka mafuta ya taa, mama anamwekea maji moto, na bado inanuka. Mimi ndiye nilikuwa nammwagia hayo maji. Nataka kusema hivyo tu."

"Basi nipe mimi hiyo taa."

"Nikikupa wewe itakuwa na treni tena. Nitampa mwalimu wa shule ya hapo, watoto waione."

Nikarudi kwa geti nililokuwa nachomelea. Baba alipokufa nilikuwa na miaka mitatu. Festo alimwagia baba maji mikononi. Mimi hayo maji sikuyaona, hiyo harufu siijui. Nina treni tu, na hiyo treni nilijitengenezea mwenyewe.

Ufunguo wa pili wa nyumba yake ninao tangu alipougua. Ijumaa anaenda kliniki, hakutakuwa na mtu ndani, na taa iko juu ya kabati. Mama Njeri alishatuonya kwamba kitu kikitoka bila Festo kujua, hatamwamini mtu tena, atajifungia na kuanza kuokota upya, na mwenye plot hasubiri.

Najua mtasema mzee mzima ana wivu wa mtoto. Semeni. Lakini wenye ndugu mniambie: niende Ijumaa nichukue taa? Niende Jumamosi nikae kimya kati ya wageni, nimsikie baba yangu akisemwa na mtu aliyemjua? Ama nibaki karakana nichomelee vyuma? Mama Njeri akinipa kiti, nitaweza kweli kufunga mdomo? Nishikeni mkono, wenzangu. Ijumaa ni kesho.