Mshika Bendera wa Ndege ya Dawa

Nina kumbukumbu moja ambayo miaka yote nimeiita ndoto, maana ndugu zangu hawakunipa nafasi ya kuiita kitu kingine. Niko juu ya ngano. Sijasimama wala sijakaa, niko juu tu, na ngano yenye umande inainama chini yangu yote upande mmoja. Masikioni kuna ngurumo. Kuna harufu kali ya dawa, na mkononi nimeshika kifuniko cha thamosi ya chai. Nikiwa mdogo niliapa kwamba niliwahi kupanda ndege, kaka yangu akanibatiza Rubani. Mpaka leo akinipigia simu anauliza, "Rubani, umetua?" Nilishachoka kukasirika.

Ndege yenyewe tuliijua. Ilikuwa ndege ndogo ya kunyunyizia ngano dawa, kwenye shamba kubwa upande wa Cheptiret ambako baba alifanya kazi. Ilikuwa na kiti kimoja tu, cha rubani, kwa hivyo hata mimi najua nilichoapa hakiingii akilini. Kazi ya baba ilikuwa kushika bendera. Alfajiri kabla upepo haujaamka, alisimama mwisho wa shamba na bendera nyeupe juu ya kichwa, na ndege ikamjia moja kwa moja, chini kabisa, rubani akimlenga yeye. Ikishampita alihesabu hatua ishirini kando, akasimama tena, nayo ikageuka ikarudi. Hivyo mpaka shamba liishe. Sheria ilikuwa moja: mshika bendera haachi laini, yaani mstari wa ndege.

Baba aliiacha. Asubuhi moja alitupa bendera akakimbia, rubani akapoteza mstari, na ukanda mzima wa ngano ukakosa dawa. Baada ya wiki chache ukashikwa na kutu, ugonjwa unaobabua ngano ikawa rangi ya tofali, na ukanda huo ulionekana kutoka barabarani. Baba alifutwa kazi. Watu walisema aliogopa ndege. Yeye mwenyewe alisema maneno mawili tu, "Niliacha laini," akaanza kulima viazi. Shuleni wenzangu walikuwa wakipita karibu yangu wamefunika vichwa na mikono, wakinguruma. Nilimwonea baba aibu, nasema ukweli. Aibu hiyo nilikua nayo.

Basi mwaka juzi makumbusho madogo hapa mjini Eldoret yakatangaza Jumamosi ya familia. Walikuwa wamepata mwili wa ndege kuukuu ya dawa, haina mabawa, wakaiweka uani, na wakataka familia zije ziigize mambo ya ndege za zamani za huku kwetu. Mimi ni mwalimu, michezo ya kuigiza ndiyo ugonjwa wangu. Niliandika mchezo usiku mmoja. Baba angeshika bendera, na safari hii angesimama mpaka mwisho mbele ya watu, wale waliomcheka wakiwemo. Nilimweleza hivyo waziwazi. Akauliza tu kama bendera itakuwa nyeupe.

Alifanya mazoezi wiki tatu kwenye shamba lake la viazi. Mama alikuwa akimtazama kutoka mlango wa jikoni, na mara mbili alifungua mdomo kuniambia kitu akaufunga. Nikadhani anahofia goti bovu la mzee.

Siku yenyewe jua lilikuwa jeupe kama unga, lile jua letu la baada ya mvua. Tulikuwa tumefunga mabua ya ngano kwenye vijiti yakajaa uani, na upepo ulipoyapitia watu walinyamaza wenyewe. Kaka yangu ndiye alikuwa ndege. Ana kitambi, amevaa mabawa ya katoni, ananguruma kwa mdomo, na bado nakuambia aligeuka ndege. Alitoka kule nyuma ya ukuta, ameinama, akamjia baba. Baba alikuwa na miaka sabini na kitu, mkono umenyooka, kitambaa cheupe kinapepea. Kaka akampita. Baba akahesabu hatua ishirini, midomo ikicheza. Akampita tena. Bado mara moja tu.

Hapo ndipo binti yangu wa miaka minne, niliyemwacha kwenye benchi na nyanya yake, aliingia katikati ya mabua. Alikuwa anampelekea babu yake chai. Mkononi alikuwa na kifuniko cha thamosi, na mabua yalikuwa yamemfunika kabisa. Kaka yangu anakuja, anatazama bendera tu.

Baba alitupa bendera. Alikimbia na lile goti lake, akaingia ndani ya mabua, akamnyanyua mtoto juu ya kichwa chake, mikono yote miwili imenyooka, kama vile anavyoinua bendera. Kaka akakwepa, ngurumo ikamfia mdomoni.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema mbele ya watu wote, "Baba, hata leo?"

Mama akainuka kwenye benchi. "Mwambie," alimwambia baba. "Mimi nimechoka kunyamaza. Mwambie ama nimwambie."

Baba hakunitazama. "Ngano ilikuwa imekushinda kimo," alisema, polepole. "Ulikuwa umenifuata na chai. Rubani hangekuona. Nikakuinua akuone, akapandisha ndege."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, miaka yote hiyo.

"Ungekua ukijua ni wewe ulinifutisha kazi," alisema. "Nikaona afadhali waseme niliogopa."

Mtoto alikuwa bado kule juu. Mikono ya baba ilikuwa imeanza kuchoka lakini hakumshusha. Upepo ulipita, mabua yakainama yote upande mmoja chini ya miguu yake, naye akayatazama mdomo wazi, kifuniko kimebanwa kifuani. Nilijua anachokiona. Nilijua hata harufu.

Nikaenda nikampokea. Baba akaokota bendera, akaikung'uta vumbi, akahesabu hatua zake ishirini. Kaka yangu, bawa moja limevunjika, alirudi nyuma ya ukuta kuanza upya. Aliponipita alisimama kidogo, macho yamejaa maji.

"Kumbe ulipanda," aliniambia.