Maharage ya Aikaeli

Tangu kiharusi kiulegeze mkono wake wa kulia, Aikaeli hakuwa amepikia wageni. Mwaka huu ukoo ulipanga kukutana nyumbani kwake Machame siku ya pili ya Krismasi, na wifi yake Goodness akamwambia, "Wewe pumzika, wifi. Chakula tutaagiza mjini."

"Nyama choma agizeni," Aikaeli akajibu. "Maharage napika mimi."

Asubuhi aliinjika maharage kwenye kuni. Kitunguu alikibana kwa kiwiko cha mkono uliolegea, akakikata kwa kushoto. Kikamponyoka, akakiokota, akakiosha, akaanza upya. Goodness akataka kumsaidia.

"Acha kwanza, wifi," alisema, jasho likimtiririka.

Alikaanga vipande vya nyama ya ng'ombe na nyanya, akachanganya na maharage, akafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko mpaka rojo likawa zito.

Kuipua sufuria ndiko kulikomshinda. Aliitazama kitambo, kisha akasema, "Haya, sasa shika upande ule." Wakaiipua pamoja.

Mchana shemeji zake waliiacha nyama choma ikipoa, wakapanga foleni ya maharage. Aikaeli aliwapakulia mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, na hakuna aliyeona ni kukosa adabu.