Ndoo ya Nyanya

Wiki iliyopita, katika ukumbi mdogo kule Tudor, kijana ninayemfundisha kuongoza michezo ya kuigiza aliniuliza: "Mwalimu, bibi wa Mji wa Kale zamani alimwitaje mjukuu wake arudi nyumbani?" Rafiki yangu, nina diploma ya kazi hii, niliyoisomea ng'ambo kwa jasho langu mwenyewe, bila mjomba wala mfadhili. Maprofesa wameniuliza makubwa kuliko hilo nikajibu. Hilo lilinirudisha utotoni.

Nyumba yetu ya Kibokoni, humo humo Mji wa Kale, ilinukia tangawizi na nazi iliyokunwa. Nikitoka chuoni kusoma Kurani nilichota maji, kisha nikaingia uchochoroni kucheza, hadi nyanya aniite dirishani kwa Kimvita chake: "Ndoo, mwanangu, ndoo!" Yaani njoo, ncha ya ulimi ikigusa meno, tofauti na ndoo ya maji. Hapo nilijua viazi vya karai viko tayari.

Mwaka mmoja mwalimu wa Kiswahili, mtu wa bara, alinipa mchezo wa darasa niuongoze. Alinifunza mwigizaji asimame wapi, na asiwape watazamaji mgongo. Ilitakiwa sauti ya mama akimwita mwanawe. Nyanya alikubali kwa shingo upande: "Sauti tu. Mbele za watu sitoki." Akatoa leso zake tukazifanya pazia.

Kwenye mazoezi alipoita "Ndoo!", wenzangu wa bara walicheka. "Bibi ataka kuteka maji!" Ningeweza kuwaeleza. Badala yake nilimnong'oneza mmoja wao jambo.

Siku ya onyesho nyanya aliita. Yule mwenzangu akaingia mbio na ndoo ya plastiki, akaitua mbele ya pazia: "Hii hapa, bibi!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwalimu alicheka hadi machozi, akasema najua kupatia wakati wa kuchekesha. Kichwa kikavimba. Nyanya, nyuma ya pazia, alikuwa na maneno mengine ya mchezo, hakuyasema.

Hakunigombeza. Kesho yake aliita dirishani: "Njoo." Polepole, kwa uangalifu, kama asemaye na karani wa ofisini. Hakuniita tena kwa neno lake mpaka alipofariki, nami niko ng'ambo.

Nyumba imeuzwa, dirisha limezibwa kwa matofali. Basi kule ukumbini nikamwambia kijana, "Aliita: ndoo."

"Ndoo ya maji?" akacheka.

Nilikijua kicheko hicho, nilikitengeneza mimi. Nikamwambia asikilize vizuri, nikaita tena, kwa sauti, kama nyanya. Hata kinywani mwangu ilitoka ndoo ya maji.